Shafti za Kumshusha Umutesi

Kosa ni langu, niseme mapema. Hadithi hii niliisimulia mara ya kwanza kwenye harusi moja kule Columbus, na nikaigeuza kichekesho: bibi, vyuma na valisi za safari. Watu walicheka, mmoja akapaliwa na Fanta, na mimi nilipoona wanacheka nikazidi kuongeza chumvi. Halafu nikageuka. Mizero alikuwa amesimama nyuma yangu na sinia la sambusa. Hakuwa na hasira. Alisema tu, "Bon, malizia basi, ndugu yangu." Sikuweza kumalizia. Ndiyo maana naianza upya hapa, safari hii nikiushika mdomo wangu, ingawa haujazoea kushikwa.

Ni mwaka 2014. Mizero na mumewe Ruberwa wanakaa Louisville. Ruberwa anapakia maboksi ghalani huko Jeffersontown, Mizero anaogesha wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Wana Isimbi, binti wa miaka kumi na tano, na kijana mdogo ambaye kazi yake bado ni kulala na kulia. Kwao ni juu, milimani, Kivu ya Kusini. Huko juu ndiko alikobaki Umutesi, dada mdogo wa Ruberwa, na Umutesi alikuwa na mimba. Mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa kupasuliwa. Muuguzi alikuwa amesema na huyu atatolewa hivyo hivyo, hakuna njia ya pili. Tatizo ni kwamba hospitali ya kupasulia iko chini, na gari la kumshusha mtu lilikuwa moja tu: Land Cruiser kuukuu ya zahanati ya kanisa.

Na hiyo Land Cruiser ilikuwa imelala katikati ya kijito, shafti ya nyuma imekatika.

Wasioendesha magari nitawaeleza kwa ufupi. Nyuma ya gari, katikati, kuna difu, bonge la chuma lenye gia ndani. Kutoka kwenye difu zinatoka shafti mbili, moja kwa kila tairi, na ndizo zinazozungusha matairi. Shafti ikikatika, unaweza kukanyaga moto mpaka kesho, injini italia na gari halitasogea. Za gari lile zilikuwa zikinunuliwa Bujumbura, za kuiga, na zilikuwa zinakatika kama biskuti. Ya mwisho ilikatika na mwanamke mwenye uchungu akiwa ndani. Walimbeba kwa machela. Hakufika.

Kanisa la huko likaomba kanisa la huku. Ruberwa, aliyewahi kuwa shofa, yaani dereva, huko Uvira, akapewa kazi ya kutafuta shafti ambazo hazikatiki.

Mambo ya namna hii kwa watu wetu huamuliwa kwenye simu ya pamoja, Jumamosi jioni, miji mitatu kwenye laini moja, kwa Kiswahili chetu cha Kongo, ambamo "ndiye" ni "njo" na "mimi" ni "miye". Mwenyekiti ni Mzee Rudasingwa wa Columbus.

"Alo? Nani aliingia?"

"Ni Buffalo, Muzee."

"Buffalo ni muji, haiko mutu. Nani?"

"Miye Semahoro. Na Mama iko hapa."

Mama ndiye mama yao Ruberwa, Semahoro na Umutesi. Alikaa Buffalo kwa Semahoro, mtoto wake wa mwisho wa kiume. Sikio lake moja lilikufa wakati wa vita, kwa hiyo kwenye simu alikuwa anapiga kelele kama mtu aliye ng'ambo ya bonde. Wiki ile ile alikuwa anasafiri kwenda nyumbani kumsubiri mjukuu, na shafti zingekwenda kwenye valisi zake.

"Louisville?"

"Tuko, Muzee. Ruberwa na bibi."

"Kuko mutu anakaanga kitu. Mwenye kukaanga azime simu."

Mafuta yakanyamaza. Wakaomba, halafu Ruberwa akaeleza. "Donc, kuko namna mbili. Ya kwanza iko sawa na ile ilivunjika, lakini ya kampuni yenyewe, haiko ya kuiga. Unatoa ile, unatia hii, unaenda. Ya pili ni nene. Chuma ya nguvu, na meno mingi. Bazungu ba hapa banatia ile kwa magari ya kupanda mawe."

"Mawe gani?"

"Mawe tu, Muzee. Siku ya mapumziko mutu anachukua gari, anaenda kupanda mawe."

"Na mugonjwa ndani?"

"Bila mugonjwa."

"Bila mugonjwa," Mzee Rudasingwa alirudia, akavuta pumzi. "Bon. Hii inchi."

Miji mitatu ikacheka. Rutebuka, anayeendesha lori huko Columbus, alisema nene. Mwingine akasema chuma ni chuma, tuangalie bei. Akazomewa. Zawadi itoke Amerika, miji mitatu ikiwa imechanga, halafu ifanane na ile iliyovunjika? Watu wa kule watasema nini?

Mizero alikuwa na neno. Asubuhi ile fundi wa kule, Kataliko, alikuwa amempigia yeye kwa sababu simu ya Ruberwa ilikuwa kwenye kabati la kazini. Kataliko alikuwa amepanda kilima kutafuta mtandao, upepo unampiga. Alisema maneno machache: "Leteni ile inaingia tu. Ile inaingia bila kufungua difu. Mvua imefika huku." Ruberwa alikuwa ameizima sauti ya simu yao, na Mizero akasogeza kidole ili aiwashe.

Ndipo Mama akapaza sauti kutoka Buffalo. "Mutoto wangu njo atalala mu ile gari! Ile nyembamba ilishaua muke wa batu. Mutume nene!"

Rutebuka na wenzake wakaguna kukubali.

"Mama alisema," akasema Mzee Rudasingwa. "Kuko mwingine?"

Ruberwa alimtazama mkewe. "Si uliongea na Kataliko? Sema."

Mizero si mtu wa woga. Kazini anawagombeza mpaka manesi. Lakini huyu alikuwa mama mkwe, na kanisa zima lilikuwa linasikiliza. Akakiondoa kidole.

"Mama alishasema," alijibu kwa sauti ya chini.

*

Duka lilikuwa Jeffersontown, si mbali na ghala la Ruberwa. Mwenye duka, Mzungu mwenye ndevu zilizoloa grisi, alikuwa mtu mwema. Aliileta shafti nene na gia kuukuu ya difu la namna ile, akajaribu kuziingiza mbele yao. Haikuingia. Akajaribu tena, taratibu, kama anayemwonyesha mtoto. Halafu akaleta boksi jeusi, dogo kama mkate, akaliangusha mezani na meza ikatikisika.

"Anasema nini?" Mizero aliuliza.

"Anasema shafti nene ina meno mingi, haiingii kwa gia ya zamani. Inaomba gia yake, njo hizi mu boksi. Hizi na zile ni bwana na bibi. Ukitenganisha, hamuna ndoa."

"Kwa hiyo Kataliko atafungua difu yote?"

"Atafungua."

"Kwa mvua? Mu kijito?"

"Mizero."

"Naye alisema ile inaingia tu, Papa Isimbi. Tuchukue na ya kawaida, zikae zote."

"Na pesa gani?" Ruberwa aliangalia ndani ya bahasha ya kanisa, kana kwamba ingeweza kuzaa. "Ukirudi na nyembamba, weye njo utaeleza Mama?"

Mwenye duka aliwatazama wakibishana kwa lugha asiyoijua, akadhani ni bei. Akawapunguzia kidogo, na akawapa kofia mbili za bure. Wakanunua nene, na boksi lake.

*

Kutoka Louisville mpaka Buffalo, njia inapita Columbus. Mtu wa posta angeweza kuzipeleka shafti, lakini mzazi haagwi kwa posta. Na Columbus huwezi kupita tu kama maji.

Mzee Rudasingwa alikuwa akiwasubiri nyumbani kwake, nyuma ya maduka ya Morse Road. Alivua shati la kazi, akavaa koti, ndipo akaomba aonyeshwe shafti. Aliibeba moja mikononi kama ndama aliyezaliwa sasa hivi. "Eh! Hii mulima itavunjika, hii itabaki!" Wakaiombea. Wakala. Ruberwa aliposema wana haraka, wakaongezewa wali.

Halafu watu wakaanza kuingia na vifurushi, maana habari ya msafiri haifichiki. Viatu vya mtoto wa mtu. Dawa za presha za mama wa mtu. Simu iliyovunjika kioo, lakini inafaa. Kila kifurushi kilikuwa na jina juu yake, kwa kalamu nene, jina la mtoaji na la mpokeaji. Jirani wao Mtanzania, Leokadia, akaja na kitu kimefungwa kwenye taulo.

"Shemeji, samahani sana, ni kitu kidogo tu. Mdogo wangu yuko Bujumbura, atakuja mwenyewe kukipokea uwanjani."

Ruberwa alikipokea, mkono ukashuka. "Dada Leokadia, kitu kidogo hiki ni nini?"

"Pasi."

"Pasi ya nguo?"

"Ina mvuke, shemeji."

"Bujumbura hamuna pasi?"

"Ya mvuke?" Leokadia alimtazama kwa huruma.

Mizero alimwangalia mumewe. Mumewe aliangalia zulia. Mkono ulionyooshwa kwako haurudishwi mtupu. Pasi ikaingia garini.

Walipokuwa wamepita Cleveland, simu ikalia. Umutesi mwenyewe. Alikuwa amesukumwa mpaka kwenye kilima cha mtandao na watoto wa shemeji zake.

"Wifi! Mulifika wapi?"

"Tunakaribia kwa Mama. Unajisikia namna gani?"

"Huyu mutoto iko nalala yenye kukingama, kama mugeni alipewa kitanda ya watu watatu." Alicheka, kicheko kikakatika. "Infirmière, ule muuguzi, anasema nikisikia uchungu nisitembee hata kidogo. Nisitembee, nipande nini?"

"Shafti ziko hapa kwa gari, wifi. Nene kama mukono wangu."

"Zitaingia?"

Mizero alitazama boksi jeusi miguuni mwake. "Zitaingia."

"Kwa sababu huku mvua..." Mtandao ukakatika, kilima kikammeza. Ruberwa aliongeza mwendo mpaka Buffalo.

*

Nyumba ya Semahoro ni ya mbao, West Side, ngazi zake zinalia hata paka akipanda. Semahoro alikuwa kazini. Mama mkwe alikuwa chumbani kwake, mlango umefungwa nusu, valisi mbili zimeachama kitandani. Aliziona shafti, akazipapasa kutoka kichwa mpaka mkia, akaridhika. Zikaingia kwa kukingama, kona kwa kona, moja kila valisi. Baada ya hapo aliwatoa wote. Valisi ya mzazi ina nguo zake za ndani. Mwana wa kiume haangalii, na mkamwana ndiyo kabisa.

Mizero alibaki kwenye korido na boksi jeusi.

"Mama, kuko na hii. Hii ndogo inatembea pamoja na zile chuma."

Mama mkwe alitoa mkono mlangoni, akalichukua. "Ni nini?"

"Ni ya ndani ya difu. Bila hiyo, zile..."

"Weye unajua magari sasa?" Bibi alikuwa anacheka, si kwa ubaya sana. "Ulipata permi ya kuendesha juzi. Nasikia siku ya kwanza ulipanda kwa maua ya batu."

Ruberwa, sebuleni, akacheka. Isimbi akacheka. Mizero naye akacheka, maana ilikuwa kweli. Maneno aliyokuwa ameyapanga tangu Cleveland yakatawanyika. Alijaribu tena kupitia kwa binti yake, aliyemwita bibi yake Koko. "Isimbi, muambie Koko ile boksi na shafti haziachane."

"Koko, Mom says the box goes with the sticks," Isimbi alisema bila kuinua macho kwenye simu yake.

Bibi hakujua neno hata moja. "Ndiyo, mutoto wangu muzuri," alimjibu. "Miye nilizaa saba. Nitashindwa kupanga valisi?"

Na alilitia. Ukweli usemwe, alilitia, katikati ya vitenge viwili ili grisi isipake nguo za mtoto. Halafu vikafuata viatu, dawa, simu ya kioo kilichovunjika, pasi ya mvuke. Ruberwa alikalia valisi ya pili ndipo zipu ikakubali.

*

Uwanja wa ndege, askari wa barabarani hakutaka gari lisimame. Anakuja, anapiga bodi kwa kiganja, Ruberwa anasogea kidogo, anarudi. Kijana mdogo alikuwa amelala kifuani kwa Mizero. Kwa hiyo aliyeingia na bibi ni Isimbi, awe mdomo wake wa Kiingereza. Waliagana pale pale kando ya barabara. Bibi aliweka kiganja juu ya kichwa cha kila mmoja, akasema, "Nitawapigia simu nikimushika mutoto," akaingia.

Dada wa kwenye mizani alipandisha valisi ya kwanza. Sawa. Ya pili akatikisa kichwa. Imezidi. Watoe kitu, au walipe. Isimbi akafasiri. Bibi hakuwa na cha kulipa, pesa zake zote zilikuwa kwenye soksi na soksi ilikuwa mguuni. Akapiga magoti sakafuni, foleni nzima nyuma yake, akafungua valisi. Nguo zake za ndani zikaonekana na Buffalo yote. Aliweka kanga juu haraka, akawa anapekua kwa mkono chini ya kanga, uso umegeuka pembeni kwa aibu.

Alitoa viatu. Akasoma jina. Akavirudisha.

Alitoa dawa. Akasoma jina, akazirudisha.

Alitoa pasi. Aliipima mkononi kwa muda. Lakini ilikuwa na jina la Leokadia na la mdogo wake, na mdogo wake atakuwa amesimama uwanjani Bujumbura, anasubiri. Utamwambia nini mtoto wa watu? Akairudisha.

Akatoa boksi jeusi. Akaligeuza upande huu na ule. Halikuwa na jina.

"Peleka kwa gari," alimwambia Isimbi. "Upesi, urudi."

Isimbi alilileta mbio, akaligonga kwenye kioo cha gari.

"Hii ni nini?" Mizero aliuliza, ingawa alikuwa ameshaona.

"Valisi ilikuwa nzito." Mtoto huyu huwajibu wazazi wake kwa Kiingereza, lakini sasa alikuwa anarudia maneno ya bibi yake, yakatoka kwa Kiswahili. "Koko anasema zote mule ni za batu. Hii haina mwenyewe."

"Na valisi?"

"Ilishapita. Ile mukanda iliimeza."

Ruberwa alifungua mlango kutoka. Askari akapiga bodi, safari hii kwa ngumi, na kalamu ya faini mkononi. Ruberwa akafunga. "Mizero!" alisema. Akamwonyesha milango ya uwanja. "Mizero!"

Mizero alimtupia Isimbi kijana mdogo kama mzigo, akashika boksi, akakimbia.

Bibi alikuwa amekwisha kupita kamba ya ukaguzi. Amevua viatu, ameviweka kwenye karai, na mkoba wake mdogo wa mkononi ulikuwa umelegea, nusu mtupu. Boksi lingeingia humo na nafasi ingebaki. Kati yake na Mizero kulikuwa na kamba, askari wawili wa kukagua, na foleni ya watu wenye kompyuta.

"Mama!" Mizero aliita.

Sikio lililokufa lilikuwa upande wake. Bibi akasogea hatua moja mbele.

"Mama! Koko! Koko, geuka kidogo!"

Spika ya ukutani ilikuwa inatangaza jambo kuhusu mizigo isiyo na mwenyewe. Askari mmoja alianza kumtazama Mizero, mwanamke Mwafrika mwenye jasho, ameinua boksi la chuma juu ya kichwa. Watu wa foleni waliacha nafasi kumzunguka. "Ma'am," askari alisema. "Put that down."

Sasa lazima nieleze kitu, maana wajukuu wetu hawakijui. Kwetu, mwanamke aliyeolewa hataji jina la mama mkwe. Si mbele yake wala nyuma yake, si hata kama liko kwenye barua. Mizero alikuwa ameolewa miaka kumi na saba, na jina hilo halijapita mdomoni mwake hata usingizini. Hospitali walipomuuliza jina la bibi wa mtoto, aliwaandikia.

Aliliita. Aliliita kwa sauti ile wanayoitia ng'ombe aliyevuka mpaka.

"Mukansanga!"

Mgongo wa bibi ulisimama. Huo mgongo Mizero aliuona vizuri, ukinyooka polepole, mabega yakipanda, kama mtu aliyemwagiwa maji baridi mbele ya watu. Hakugeuka. Mtu wa nyuma yake alimgusa kiwiko, akamwonyesha mlango wa mashine. Bibi aliutazama ule mlango, miguu na soksi tu, mikono imeshika mkoba.

"Ma'am. The box. On the floor."

Mizero aliliweka chini, polepole, akapiga magoti nalo. Halafu akalisukuma kwa mikono miwili, likateleza juu ya sakafu inayong'aa, likapita chini ya kamba, likasimama katikati, mahali ambapo hakuna mtu.

"Mukansanga, nakuomba! Okota ile! Ni ya Umutesi!"